Mipaka ya Vijiji na Mipaka ya Viumbe: Ushirikiano wa Hifadhi Kilosa na Mikumi

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa. Maji yalivunja kingo, yakaingia mjini na vijijini, yakabomoa nyumba na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Reli ya Kati iliharibiwa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi kadhaa treni hazikuweza kupita. Mazao yaliyokuwa mashambani karibu na mto yalifukiwa na mchanga.

Maji yale hayakuwa ya Kilosa peke yake. Sehemu kubwa ilitoka juu, upande wa Mpwapwa na Kongwa katika Mkoa wa Dodoma, kwa njia ya mto Kinyasungwe, na nyingine ilishuka kutoka miteremko ya Ukaguru na Rubeho. Mkulima wa Kilosa aliyepoteza shamba hakuwa na sauti juu ya namna kilima cha Kongwa kilivyolimwa wala juu ya miti iliyokatwa huko. Hata hivyo hasara ilimfikia yeye.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jarida la Chama Kikuu lizungumze habari za misitu na wanyama, ilhali kazi ya ushirika ni mazao, pembejeo na mikopo. Jibu limo katika habari hiyo ya mafuriko. Ushirika ulianzishwa kwa sababu mkulima mmoja mmoja hapati bei ya haki akisimama peke yake sokoni. Kadhalika kijiji kimoja hakiwezi kutunza maji, misitu na wanyama kikiwa peke yake, hata kama watu wake ni hodari na sheria zake ni nzuri. Maelezo yanayofuata yanahusu jinsi jambo hilo lilivyojaribiwa katika Wilaya ya Kilosa na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, nini kilifaulu, na ni wapi ambapo bado pana mashaka.

MAANA YA BIOANUWAI

Siku hizi wataalamu hutumia neno bioanuwai. Maana yake ni wingi na tofauti za viumbe hai: mimea, wanyama, ndege, samaki, wadudu, hata vijidudu vya udongoni visivyoonekana kwa macho. Neno hilo hubeba pia tofauti zilizomo ndani ya aina moja, kama mbegu za mpunga au mtama zinazotofautiana kijiji kwa kijiji, na tofauti za mahali viumbe wanapoishi, yaani msitu wa mlimani, pori la miombo, mbuga ya majani na kinamasi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai mwaka 1996, miaka 4 baada ya mkataba huo kutiwa sahihi huko Rio de Janeiro.

Mkulima hahitaji mkataba ili kulifahamu jambo lenyewe. Alizeti huhitaji nyuki ili kichwa kijae mbegu. Nyuki huhitaji maua ya porini wakati ambapo shambani hakuna ua. Pori likiisha, nyuki huhama, na mkulima huona tu kwamba mavuno yamepungua, pengine akalaumu mbegu aliyouziwa.

NCHI ILIVYO

Mtu akisimama katika mbuga ya Mkata, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, huiona milima ya Uluguru upande wa mashariki, na Rubeho na Vidunda upande wa magharibi. Kusini zaidi iko Udzungwa, na kaskazini ya mji wa Kilosa iko Ukaguru. Milima hiyo ni sehemu ya safu inayoitwa Tao la Mashariki, ianziayo vilima vya Taita nchini Kenya, ikapita Upare na Usambara, ikafika Udzungwa na Mahenge. Wataalamu huhesabu mafungu 13 ya milima hiyo. Fungu moja dogo, kilima cha Malundwe, limo ndani ya Hifadhi ya Mikumi yenyewe, na wasafiri wengi huipita barabara kuu bila kujua kwamba kileleni pana msitu wa namna moja na ile ya Uluguru.

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi umeilisha misitu hiyo kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo nchi za chini zilikauka. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na viumbe wake wakabadilika kwa namna yao. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmaki, wakiwa kambini katika milima ya Udzungwa, waliona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemfahamu. Wakamtafuta akiwa hai, na mwaka 1994 ikatangazwa kwamba ni jamii mpya ya kwale wa msituni ambaye sayansi haikuwa imepata kumjua. Baadaye kwale wa namna hiyo alionekana katika msitu wa Mafwemiro, milima ya Rubeho, na mwaka 2005 wataalamu wakaeleza kuwa yule wa Rubeho ni aina yake pekee. Ni jambo la kutafakari kwamba ndege ambaye hayupo mahali pengine popote duniani alikuwa akiliwa kama kitoweo cha kawaida na watu waliomfahamu siku zote. Elimu ya wenyeji ilikuwapo, ila hapakuwa na njia ya kuikutanisha na elimu ya wengine.

Kutoka katika milima hiyo hutoka maji. Mkondoa na Miyombo huteremka hadi tambarare ya Mkata, kisha maji huungana katika mto Wami, ambao humwaga baharini karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Upande wa kusini maji huelekea Ruaha Mkuu na Kilombero, na hatimaye Rufiji. Kwa hiyo mwanakijiji anayefyeka kingo za kijito huko Rubeho anagusa mashamba ya mpunga na miwa ya bondeni, mitambo ya umeme ya Kidatu, hata kamba wa mwambao, ingawa hatakutana na wenyewe maisha yake yote.

TEMBO HAWAHESABIWI KWA WILAYA

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1975 ikapanuliwa upande wa kusini hadi kupakana na Pori la Akiba la Selous. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230. Eneo hilo ni kubwa kwa mtu atembeaye kwa miguu, lakini kwa kundi la tembo ni sehemu tu ya malisho ya mwaka. Ndiyo maana hesabu ya tembo inayofanywa kwa ndege haikomi kwenye mpaka wa Mikumi. Mikumi na Selous huhesabiwa pamoja, kama daftari moja.

Daftari hilo lina habari ya kusikitisha. Mwaka 1976 tembo katika eneo zima walikadiriwa kuwa 109,419. Ujangili wa miaka ya 1980 ukawateketeza wengi. Baada ya Operesheni Uhai ya mwaka 1989 na marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe za ndovu, idadi ilianza kupanda tena, kisha ujangili ukarejea. Mwaka 2009 walikadiriwa 38,975; mwaka 2013 walibaki 13,084. Kwa miaka 4 tu, tembo wawili katika kila watatu walitoweka. Hesabu za mwaka 2014 na 2018 zilionyesha zaidi kidogo ya 15,000, maana yake maangamizi yalisimamishwa ingawa hasara haijarudishwa.

Upotevu wa namna hiyo hauwezi kuzuiwa na askari wa hifadhi moja. Pembe iliyotolewa porini Morogoro hupita barabara, bandari na mipaka ya nchi kadhaa kabla ya kufika sokoni. Kwa sababu hiyo nchi za Afrika zilitia sahihi Mkataba wa Lusaka mwaka 1994 ili vyombo vyao vya dola vishirikiane dhidi ya biashara haramu ya wanyama na mimea ya porini, na nchi za SADC zikafanya itifaki yao ya uhifadhi wa wanyamapori mwaka 1999. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mikataba ya nchi ni mizuri, lakini tembo aendaye kutoka Mikumi kwenda Udzungwa, au kaskazini kuelekea Wami-Mbiki, hupita katika ardhi ya vijiji. Njia hizo huitwa shoroba. Kanuni za mwaka 2018 zilitambua shoroba, maeneo ya mtawanyiko na mapito ya wanyama, lakini kanuni haiwezi kufungua njia ambayo imekwisha kuwa shamba, nyumba na kiwanda cha matofali. Tembo akikuta njia imezibwa harudi nyuma; hupita shambani.

Hapa ndipo hesabu za chama cha msingi zinapoguswa. Mwanachama aliyekopeshwa mbegu na mbolea, kisha mahindi yake yakaliwa kwa usiku mmoja, hawezi kulipa. Malipo ya serikali kwa madhara ya wanyama wakali yanaitwa kifuta jasho au kifuta machozi, na majina hayo yamechaguliwa kwa makini: si fidia, wala hayalingani na thamani ya zao. Deni hubaki katika vitabu vya chama. Katika vijiji vya Kilombero vilivyo chini ya milima ya Udzungwa wakulima wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki, njia iliyobuniwa nchini Kenya. Mizinga hutundikwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akiugusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia. Uzio wa namna hiyo hufaa pale wakulima wanaopakana wanapoujenga pamoja. Mmoja akiweka na jirani asiweke, tembo huzunguka tu na kuingia kwa jirani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo vyama vinaweza kulitenda bila kungoja mtu. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hukata Hifadhi ya Mikumi kwa umbali wa kilomita 50 hivi, na wanyama wengi hugongwa humo, hasa usiku. Malori yanayobeba mazao ya wanachama hupita barabara hiyo hiyo. Chama kinapokodi lori kinaweza kumwandikia mwenye gari sharti la kupita hifadhini mchana na kwa mwendo ulioruhusiwa. Sharti hilo halina gharama, na linaokoa pia mzigo, kwa kuwa lori lililomgonga nyati halifiki sokoni.

MKAA NA MAJIRANI

Msitu mwingi wa Kilosa hauko ndani ya hifadhi ya taifa. Uko katika ardhi ya vijiji, na kwa sehemu kubwa ni miombo: myombo, mtondoro, mninga, mpingo na miti mingine. Mti huo ndio mkaa wa Morogoro na wa Dar es Salaam.

Tuseme kuna vijiji viwili vinavyopakana. Kijiji cha kwanza kimetenga msitu, kimetunga sheria ndogo na kutoza ushuru kwa kila gunia. Kijiji cha pili hakijafanya lolote. Mfanyabiashara atakwenda cha pili, ambako hatozwi kitu. Msitu wa pale utakwisha kwa miaka michache. Kisha wachomaji, wakiwa wamezoea kazi na wana wateja, watavuka mpaka usiku na kuingia katika msitu uliotunzwa. Kijiji cha kwanza kitakuwa kimelipa gharama ya ulinzi, kimepoteza wateja, na mwishowe kimepoteza msitu pia. Mwanaushirika anaitambua hadithi hii. Ni ile ile ya mchuuzi anayenunua kwa mkulima mmoja mmoja kwa bei ya kumgawa na mwenzake. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933 ili wauze kwa sauti moja, na wa pamba wa Kanda ya Ziwa wakafuata kwa njia yao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilivipa vijiji nguvu ambayo wengi hawakuwa nayo kabla. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kutenga Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji, kuchagua Kamati ya Maliasili, kupitisha mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na kukusanya mapato ya msitu huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji huruhusu pia halmashauri za vijiji viwili au zaidi kufanya makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi. Kifungu hiki hakisomwi sana, ilhali ndicho kinachohusu zaidi jambo linaloelezwa hapa.

Kuanzia mwaka 2012 hadi 2019 vijiji kadhaa vya Kilosa, miongoni mwao Ulaya Mbuyuni, Ihombwe, Nyali na Kitunduweta, vilijaribu uvunaji wa mkaa kwa utaratibu. Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, lijulikanalo kama TFCG, lilisimamia kazi hiyo pamoja na MJUMITA na TaTEDO, kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji ilitengwa kwa mkaa, na sehemu kubwa ikaachwa. Sehemu ya mkaa iligawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa mita 50. Vitalu vinavyogusana havikatwi pamoja, hata msitu ukitazamwa kutoka juu hufanana na ubao wa drafti. Kitalu kikishavunwa hupumzishwa kwa miaka 24. Mti hukatwa ukiachiwa kisiki, kwa kuwa miombo huchipua kutoka kisikini na mizizini upesi kuliko mche uliopandwa. Miti ya mbao kama mninga huachwa, na kando ya mito na kwenye miteremko mikali hapavunwi kabisa.

Wachomaji walisajiliwa katika vikundi vyao, wakafundishwa tanuri la udongo lililoboreshwa. Ushuru uliingia kijijini kwa stakabadhi, na mkutano mkuu ukaamua matumizi: ulinzi wa msitu kwanza, kisha majengo ya shule, zahanati, ofisi ya kijiji na mahitaji mengine. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kuonyesha jengo na kusema limetoka msituni. Hoja hiyo ina nguvu katika mkutano kuliko semina nyingi.

Yafaa kusema wazi kwamba utaratibu huu una wapinzani wenye hoja. Wapo wasemao mkaa hauwezi kuitwa uhifadhi kwa namna yoyote. Na mambo yenyewe yanabadilika: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo likifikiwa, soko la mkaa litapungua sana, na msitu uliolindwa kwa sababu ya ushuru wa mkaa utahitaji sababu nyingine ya kulindwa. Mbao zinazovunwa kwa mpango, asali na biashara ya kaboni, ambayo ilitungiwa kanuni zake mwaka 2022, ni mambo ambayo kamati zingepaswa kuanza kuyafikiri sasa. Anayengoja soko life ndipo atafute jingine atakuta wachoma matofali wameutangulia msitu.

CHAMA CHA MSINGI CHA MISITU

Jambo ambalo wanaushirika wangelipenda zaidi katika habari hii ni muundo. MJUMITA ni kifupi cha Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania. Kamati za maliasili za vijiji vinavyouzunguka msitu mmoja huungana kuwa mtandao wa mahali hapo. Mitandao hiyo huungana kuwa mtandao wa nchi. Ni ule ule mpangilio wa chama cha msingi na chama kikuu. Kamati ya kijiji kimoja ikimkamata mvunaji haramu aliyetoka kijiji cha pili, kuna mahali pa kulipeleka shauri kabla halijawa ugomvi. Sheria ndogo za vijiji jirani zinaweza kulinganishwa ili faini na ushuru visitofautiane mno.

Kati ya mwaka 2009 na 2014 TFCG na MJUMITA ziliendesha pia majaribio ya MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewa ya ukaa kwa kuzuia ukataji wa misitu, kwa msaada wa Norwei, Kilosa ikiwa mojawapo ya wilaya. Malipo ya majaribio yaligawiwa kwa mkazi mmoja mmoja, wanawake na watoto wakiwa wamehesabiwa, na kijiji kikaamua sehemu ya kupeleka kwenye kazi za pamoja. Kugawa fedha hadharani, kila mtu akisikia kiasi cha mwenzake, ni jambo ambalo baadhi ya vyama vya ushirika vingefaa kujifunza tena.

Halafu miradi ilikwisha. Ilikuwa lazima iishe, kwa kuwa kila mradi una tarehe yake. Mahali ambapo kazi ilitegemea gari la mradi na posho ya kikao, doria zilipungua. Mahali ambapo palikuwa na sheria ndogo zilizopitishwa kihalali, kamati iliyochaguliwa na wenyewe na akaunti yenye mapato yake, kulikuwa na kitu cha kuendelezwa. Wanaushirika wa Tanzania wana kumbukumbu yao wenyewe ya jambo hili: mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri, na vilipoanza kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982 iligunduliwa kwamba kuandikisha chama upya ni rahisi kuliko kurudisha imani ya wanachama. Makaratasi ya miradi hupenda neno wadau. Mdau huja na kuondoka. Mwanachama ana hisa, ana kura, na hasara ikitokea ni yake.

Mfuko wa Uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye makao makuu Morogoro, ulibuniwa kwa kulijua tatizo hilo hilo. Fedha yake ya msingi huwekezwa, na faida ndiyo inayogharimia kazi za hifadhi katika milima mbalimbali, ili msitu usitegemee hisani ya mwaka mmoja mmoja.

WASIOITWA MKUTANONI

Mipango mingi ya pamoja Kilosa imeharibika kwa sababu moja: wafugaji hawakuitwa, au waliitwa kusikiliza tu. Wilaya ina vijiji vya wafugaji wa Kiparakuyo na Kimaasai, kama Twatwatwa, pamoja na vijiji vya Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na wahamiaji kutoka kila upande wa nchi, wengi wao wakiwa watoto wa waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kiangazi mifugo huhitaji maji ya mito na majani ya bondeni, pale pale panapolimwa mpunga na panapopita wanyama. Desemba 2000 ugomvi wa wakulima na wafugaji ulifika mahali pabaya: watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Wilaya haijaisahau siku ile, na ugomvi mdogo mdogo umeendelea kuzuka tangu hapo.

Mpango wa matumizi ya ardhi unaochora msitu, mashamba na makazi, ukasahau njia ya ng'ombe kwenda mtoni, haujapanga kitu. Ng'ombe wataenda mtoni. Watapita msituni au shambani, na kamati itakuwa na kazi ya kukamata na kutoza faini kila juma, mpaka siku moja faini ikataliwe. Kuandika njia hiyo katika ramani, kwa upana uliokubaliwa na pande zote na kwa miezi iliyotajwa, ni kazi ya hifadhi sawa na kulinda mninga.

KAZI YA KATIBU

Katibu wa chama cha msingi si mwenyekiti wa kijiji wala si bwana misitu, na hapaswi kujifanya hivyo. Lakini mara nyingi ndiye mtu wa kijijini mwenye mazoea ya kuandika muhtasari, kutunza daftari na kufunga hesabu. Kamati nyingi za maliasili zina watu shupavu wa doria ambao hushindwa kwa jambo moja tu, yaani kumbukumbu. Mtuhumiwa hufikishwa mbele ya baraza, ikaulizwa sheria ndogo ilipitishwa lini na mkutano upi, na hakuna anayeweza kuonyesha. Shauri huishia hapo.

Kwa hiyo katibu anaweza kusaidia kwanza kwa kuhakikisha kwamba nakala za sheria ndogo, mpango wa usimamizi na ramani ya kijiji zipo mahali panapojulikana, zikiwa na sahihi na mihuri. Anaweza kuomba halmashauri za vijiji jirani zikutane, na kumwalika bwana misitu wa wilaya na mtu wa ujirani mwema wa hifadhi. Mkutano wa namna hiyo hufaa ufanyike baada ya mavuno na kabla ya moto wa kiangazi kuanza, kwa kuwa moto mwingi unaoingia misituni huanzia katika mashamba yanayosafishwa. Mambo ya kukubaliana ni machache: mpaka uko wapi, nani anachoma lini, ushuru ni kiasi gani kila upande, mifugo hupita wapi, na tembo akitokea nani ampigie nani simu. Kila kijiji kiondoke na nakala yake.

Mazao yaliyoharibiwa na wanyama yaandikwe siku ile ile: jina la mkulima, eneo la shamba, ukubwa, zao, tarehe na mnyama aliyehusika, na taarifa ipelekwe wilayani bila kungoja mwisho wa mwezi. Daftari la namna hiyo likitunzwa kwa miaka 3 au 4 na vyama kadhaa vya ukanda mmoja, litaonyesha mahali tembo wanapopita kweli, kwa uhakika ambao mgeni wa siku mbili hawezi kuupata. Nakala ya daftari iletwe Chama Kikuu kila msimu pamoja na taarifa ya mikopo, ili madeni yaliyotokana na wanyama yatenganishwe na yale ya uzembe wakati Halmashauri inapoamua ni nani aongezewe muda.

Vijiji vyenye vitalu vya mkaa viandike pia, kwa kila kitalu, namba yake, mwaka kilipovunwa na kijiji kinachopakana nacho. Kitalu kilichovunwa mwaka 2014 zamu yake itarudi mwaka 2038, na aliyekuwa katibu wakati huo huenda hatakuwapo ofisini kueleza ni kipi.